Sura ya Nne: Pua ya Tela

Katika wapelelezi wote wa Bukoba hakuna aliyemfikia Inspekta Ildefons Mwijage, na hakuna aliyejua kidogo kuliko yeye habari za magari. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alipochekwa, alijibu kuwa yeye kazi yake ni kufuata watu, magari yana madereva wake. Ndiyo maana Koplo Shamsa, aliyekuwa akimwendesha kila aendako, alishindwa kujizuia kucheka asubuhi ile ya Alhamisi alipomwona bosi wake amelala chali chini ya pikapu, tumbo limekwama, miguu inachezea hewani.

"Nivute, Afande?"

"Usinivute. Nafikiri."

"Unafikiri huku tumbo limebanwa?"

"Wewe niitie Fundi."

Pikapu ilikuwa mali ya Idara ya Afya, na ilikuwa imelazwa katika gereji ya Fundi Rugaibula, mtaa wa Bakoba. Nyuma yake lilisimama tela lenyewe lililoleta balaa: nyumba nzima ya bati juu ya magurudumu mawili, ina kitanda cha kupimia wajawazito, sinki na kabati la dawa, na nyuma ina mlango mdogo wa kupitishia vyombo. Ilikuwa kliniki ya kutembea ya vijiji vya ujamaa vya Muleba. Jumatatu alasiri, ikitoka kijiji cha Rugongo kurudi mjini, tela lilichomoka kwenye mteremko wa Muhutwe, likaiaga pikapu, likavuka mtaro na kujisokomeza katikati ya migomba ya mtu. Hakuna aliyeumia. Lakini mkoani neno "hujuma" lilikuwa midomoni mwa kila mkubwa mwaka ule, na kabla jua halijazama dereva, kijana mmoja aitwaye Projestus, alikuwa ndani.

Taarifa ya kwanza ilikuwa fupi: pini inayofunga ndoano ya pikapu haikuonekana, kwa hiyo imechomolewa, aliyekuwa na gari ni dereva peke yake, kwa hiyo amechomoa dereva. Ijumaa mchana Projestus angepandishwa meli kwenda Mwanza pamoja na jalada lake.

Na Jumamosi alikuwa anaoa. Mchumba wake, Felicitas, alikuwa amefika kituoni saa moja asubuhi na chakula kwenye kikapu, akamsimamia Ildefons mbele ya meza yake. "Inspekta, Padri ameshatutangaza kanisani mara tatu. Harusi ni Jumamosi saa nne. Mimi siahirishi," alisema, kisha akaondoka bila kungoja jibu. Ildefons alikuwa na mabinti watatu, na jambo hilo lilimkaa moyoni tangu saa ile.

Fundi Rugaibula alikuja akifuta mikono. Alikuwa Mlutheri mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye tabia ya kupima kila kitu mara mbili. Alimshika Inspekta kwapani, Shamsa akashika upande wa pili, wakamtoa.

"Fundi," alisema Ildefons akijikung'uta, "nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Pikapu hii ulipoletewa ulifanya nini?"

"Waitu," alisema Rugaibula, kwa neno la heshima la Kihaya, "watu wa Afya walikuja wanataka nifunge ndoano tu waondoke. Nikawaambia tela hili lina kilo elfu moja na mia tano. Ukilifunga kwenye pikapu ilivyo, matako yatakaa chini na taa zitamulika mbinguni. Kwanza nikaongeza springi, bamba mbili kila upande. Nikafunga ndoano kwenye chesisi yenyewe, siyo kwenye bampa. Nikaishusha inchi tatu ili tela likae sawa."

"Ulijuaje limekaa sawa?"

Rugaibula aliingia ofisini, akatoka na chupa ya soda iliyojazwa maji karibu mpaka mdomoni na kuzibwa. Aliilaza kwenye sakafu ya tela. Kiputo cha hewa kilitulia katikati. "Hivi."

"Haya. Na vioo hivi virefu kama masikio ya sungura?"

"Ili aone nyuma ya tela. Mnyororo wa akiba, wa kulishika tela ndoano ikiachia, niliagiza Mwanza, na mpaka leo uko Mwanza. Nikafunga kamba ya katani, na nikaandika kwenye karatasi kwamba kamba siyo mnyororo. Lakini kubwa kuliko yote, Inspekta, ni pua."

"Pua?"

"Pua ya tela. Huu mkono wa mbele wenye pete. Lazima ulalie ndoano kwa uzito. Ukiwa mwepesi, tela linatikisika na kuitikisa gari. Nilikwenda kuazima mizani ya kupimia magunia ya kahawa, nikaweka pua juu yake. Kilo mia moja na sabini, kabati la dawa likiwa limejaa. Sawasawa kabisa."

Ildefons alimgeukia Shamsa. "Maelezo ya dereva yanasemaje?"

Shamsa alifungua jalada. "Anasema, 'Asubuhi wakati wa kwenda gari lilitulia kama liko peke yake. Wakati wa kurudi usukani ulikuwa unachezacheza, na tela lilikuwa linanivuta huku na huku. Nilidhani ni upepo.'"

"Upepo," alisema Rugaibula kwa dharau. "Upepo gani Muhutwe?"

"Kwa hiyo gari ni lile lile, tela ni lile lile, njia ni ile ile," alisema Ildefons. "Asubuhi limetulia, alasiri linacheza. Mtu akichomoa pini, tela linachezacheza kwanza?"

"Linaondoka tu. Halipigi hodi."

Inspekta alichuchumaa nyuma ya pikapu. Ndoano ilikuwa chuma kinene kilichopinda kwenda juu, na juu yake mfuniko wa kuizuia pete isitoke. Pini ilipita ubavuni kuufunga mfuniko huo. Sasa mfuniko ulikuwa umekunjamana, umesimama wima kama sikio. Aliingiza kidole kwenye tundu la pini, akakitoa haraka kimekwaruzika.

"Kuna kitu humu. Koplo, nipe msumari."

Shamsa aligonga msumari mara mbili kwa jiwe. Upande wa pili wa tundu kikaanguka kipande cha chuma, urefu wa kiungo cha kidole, mwisho wake umepasuka na kung'aa.

Rugaibula alikichukua, akakisogeza karibu na miwani. "Hii haikuchomolewa," alisema taratibu. "Imekatika. Imekatwa na mfuniko ukienda juu."

Ildefons alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Pua ililala chini kwa kilo mia moja na sabini. Imepata wapi nguvu ya kusukuma kwenda juu?"

"Pua haipandi yenyewe. Magurudumu yako katikati. Mtu ameweka mzigo nyuma."

"Au wewe uliinua ndoano mno na springi zako."

Fundi hakukasirika. Alionyesha chupa tu, kiputo kikiwa bado katikati, na Inspekta akaomba radhi.

Waliingia ndani ya tela. Kabati la dawa lilikuwa mbele, limekazwa kwa nati nne, halikuwa limesogea hata unywele. Kitanda kilikuwa mahali pake. Huku nyuma, karibu na mlango mdogo, sakafu ilikuwa tupu. Shamsa alipiga magoti.

"Afande. Damu."

Yalikuwa matone ya rangi ya kahawia inayoelekea weusi, mengine makubwa, mengine yamechuruzika, yote yamekusanyika nyuma kabisa. Ildefons aliinama, akanusa. Aliyakwangua kwa kucha, hayakutoka. Alimwomba Fundi kitambaa chenye petroli, akasugua kwa nguvu zake zote, hayakupungua. Akaanza kucheka, mabega yakatikisika mpaka tela nalo likatikisika.

"Wewe umezaliwa wapi, Koplo?"

"Kilosa, Afande, unajua."

"Ndiyo. Kwa hiyo hujapigwa na mama yako kwa kuchafua shati la shule. Huu ni utomvu wa ndizi. Ukiingia kwenye nguo, nguo utaizeesha, alama itabaki. Na hautoki kwenye mgomba uliosimama. Unatoka kwenye mkungu uliokatwa siku hiyo hiyo."

"Lakini dereva anasema tela lilikuwa halina mzigo. Na Jumatatu walipolifungua halikuwa na ndizi hata moja."

"Ndiyo," alisema Ildefons, akijifuta machozi ya kicheko. "Washa gari."

*

Mwenye migomba iliyovunjwa alikuwa Mzee Mutembei. Aliwapokea kwenye njia ya kibanja chake cha migomba akiwa ameshaanza kulalamika kabla hawajashuka. Tela la serikali limemwangushia migomba. Migomba iliyopandwa na babu yake. Nani atailipa huzuni ya migomba hiyo?

"Pole sana, Tata," alisema Ildefons. "Ilianguka mingapi?"

"Mitano! Njoo uhesabu mwenyewe."

Walikwenda, wakahesabu. Ilikuwa mitano, hakudanganya. Njia ya tela ilionekana wazi, majani yamelala, na pale lilipokuwa limesimama mlango wake mdogo wa nyuma ulikuwa umechora mstari ardhini, ishara kwamba ulikuwa wazi. Walirudi nyumbani kwa mzee. Kwa heshima aliwakaribisha ndani, akawaletea kahawa za kutafuna, na wakati wakitafuna macho ya Inspekta yalikuwa yanatembea ukutani. Pale kwenye kona yenye ubaridi mikungu ilikuwa imepangwa, mikubwa, ya ndizi za kupika.

"Hiyo ndiyo uliyookoa kwenye migomba iliyovunjika?"

"Ndiyo, waitu. Sikutaka ioze."

"Busara. Koplo, hebu tuhesabie."

Shamsa alihesabu kwa sauti, akafika kumi na mmoja.

"Mingine mitatu tumeshakula," alisema Mzee Mutembei kwa unyenyekevu.

"Jumla kumi na minne," alisema Ildefons. "Tata, mimi nimekulia kwenye kibanja kama wewe. Nilifundishwa kuwa mgomba mmoja unazaa mkungu mmoja, kisha basi. Hii yako mitano imezaa kumi na minne?"

Mzee alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kucheka kwa kuficha mdomo, na hapo mzee akakata tamaa.

"Nitasema kweli. Nilitoka kuangalia hasara yangu nikakuta mikungu imetapakaa kila mahali. Nikajua si yangu, maana migomba yangu ile mitano ilikuwa haijazaa bado. Lakini, waitu, nani atamshuku mtu mwenye ndizi kwenye shamba la ndizi? Polisi wenu walipita juu yake, mmoja akaketi juu ya mkungu akiandika. Hawakuuliza, nami sikusema."

"Na hujui imetoka wapi?"

"Sijui. Ila hii haikuwa ya kuuza." Aliinua mkungu mmoja. Pale ulipokatwa palikuwa pamefungwa jani bichi kwa kamba ya mgomba, kwa nakshi na ustadi. "Mtu akifunga hivi, anampelekea mtu anayempenda."

*

Rugongo waliwakuta kina mama kwenye shamba la pamoja, wanapalilia maharage. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Philbert, aliwafikia kwanza, kalamu mbili mfukoni, akijua wamekuja kwa sababu gani.

"Kijiji hiki hakitoi chochote kwa watumishi wa serikali, Inspekta. Nimekwishapiga marufuku. Mtumishi ana mshahara. Siku ile nilimchukua dereva nyumbani kwangu, nikampa chakula, nikamweleza jambo hilo kwa saa nzima."

"Saa nzima?"

"Na zaidi. Alisikiliza vizuri."

"Tela lilikuwa wapi wakati huo?"

"Pale kwenye kivuli, nyuma ya ghala."

"Na muuguzi wa kliniki?"

"Alikuwa kwa mzazi. Alibaki huku mpaka mtoto alipozaliwa Jumanne."

Ildefons aliangalia ghala, akaangalia kina mama. Majembe yalikuwa yamesimama yote. Alivua kofia, akawasogelea, akazungumza kwa sauti ya kawaida.

"Sikuja kumkamata mtu kwa sababu ya ndizi. Nimekuja kwa sababu ya Projestus. Tela lilichomoka, na wakubwa wanasema amelihujumu. Kesho mchana anapelekwa Mwanza. Akifika huko sijui atarudi lini, na mimi siwezi tena kumsaidia."

Mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, alilaza jembe lake chini. Wenzake walimwita Ma Kokugonza.

"Tulisikia limeanguka," alisema. "Tuliambiwa ni barabara. Hakuna aliyetuambia mtoto huyu Projestus yuko ndani." Alimgeukia Mwenyekiti. "Wewe ulijua?"

Philbert alianza kusema jambo kuhusu taratibu, akaliacha.

"Ni ndizi zilizofanya vile?" Ma Kokugonza alimuuliza Inspekta.

"Sijui bado, Mae. Ziliwekwa wapi?"

"Nyuma, kwenye mlango mdogo. Mbele kungekuwa na kelele, angetusikia. Mara mbili tulimpa akakataa, akasema gari la serikali. Safari hii tukasema hatutampa nafasi ya kukataa. Mgeni anaondokaje mikono mitupu, na yeye ndiye aliyetuletea daktari mlangoni?" Alikung'uta udongo mikononi. "Niambieni kesho saa ngapi."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi uani kwa Fundi Rugaibula palikuwa na watu. Alikuwapo Mrakibu Buberwa, mkuu wa polisi wa wilaya, mtu mrefu asiyependa kupoteza wakati. Walikuwapo askari sita. Alikuwapo Felicitas, ambaye hakuna aliyemwalika, na nyuma ya uzio Ma Kokugonza na wenzake kumi na watatu, waliokuja kwa lori la kahawa. Pua ya tela ilikuwa juu ya mizani ya magunia.

"Mia moja na sabini," alisoma Rugaibula.

"Nimeona," alisema Buberwa. "Endelea, Inspekta. Meli haitasubiri."

"Afande, naomba askari aingie asimame nyuma kabisa."

Askari wa kwanza aliingia. Mshale ulirudi mia moja thelathini na tano. Wa pili, tisini na nane. Wa tatu akafuata, halafu wa nne, na mshale ukawa unachungulia ishirini. Askari wa tano, Mujuni, mnene wa kituo, aliweka mguu mmoja mlangoni, akapanda. Pua ya tela ikaachana na mizani, ikapanda polepole, ikasimama hewani kiunoni mwa Fundi, na askari wote watano wakaporomoka nyuma wakishikana mikanda.

Hata Buberwa alicheka, ingawa alijifanya anakohoa.

"Mikungu kumi na minne inazidi uzito wa hawa," alisema Ildefons. "Kwenye tambarare ndoano ilivumilia. Muhutwe penye mashimo pua ikawa inapiga mfuniko kwenda juu, mara mia, mpaka pini ikakatika. Hiki hapa kipande chake, kilikuwa bado tunduni. Kamba ya katani haikuweza kitu. Dereva hakujua amebeba nini. Na pini, Afande, hakuna aliyeichomoa."

Mrakibu alikigeuza kipande cha pini kiganjani. Kisha akasema kile ambacho Ildefons alikuwa akikiogopa tangu jana.

"Vizuri. Dereva tumemtoa. Lakini jalada hili limefunguliwa kwa hujuma, na mkoani watauliza jina. Nani aliyepakia?"

Ildefons alikuwa amefanya kazi siku mbili kumtoa mtu mmoja, na sasa angemwingiza mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Hakuhitaji kujibu, maana Ma Kokugonza alikuwa ameshapita kwenye uzio.

"Mimi."

"Na mimi," alisema mama aliyemfuata.

"Wa kwangu ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote," alisema wa tatu. "Aandikwe wa kwangu." Wakaanza kubishana uani ni mkungu wa nani ulioinua pua, mpaka Buberwa akainua mkono.

Alifungua jalada juu ya boneti ya pikapu, akatoa kalamu. "Jina lako, mama?"

"Kokugonza."

"Hujuma, mama, ni mtu kufanya jambo kwa kukusudia. Wewe ulipoweka ndizi kwenye tela la serikali ulikusudia nini?"

Ma Kokugonza alimtazama kana kwamba hakulielewa swali, kisha akalijibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mama yake alikufa. Ana harusi. Nani atampikia watu?"

Mrakibu alisoma ukurasa wa kwanza wa jalada tena, neno kwa neno, kisha akapiga mstari juu ya "hujuma" na kuandika "ajali: mzigo umepangwa vibaya". Akatia sahihi, akaandika tarehe na saa, akamkabidhi Shamsa.

"Kamtoe," alisema.

Projestus aliletwa kwa gari la polisi, nywele timutimu, shati la Jumatatu bado mwilini, akikodoa macho kwa sababu ya jua. Aliwaona kina mama, akamwona Fundi, akaona pua ya tela ikiwa hewani na askari watano ndani, na hakuelewa hata kimoja. Felicitas alipita katikati ya watu wote hao, akasimama mbele yake. Ildefons alidhani atalia. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Felicitas alimkagua mchumba wake kutoka utosini hadi miguuni.

"Nenda kaoge," alisema. "Harusi ni kesho."